Mgombea Aliyepokea Kahawa

London, 9 Juni 2024

Dada yangu Ma Generosa,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili kwa sababu ya umbali, isije ile ya kwanza ikapotelea njiani. Natumaini mguu wako umeacha ukaidi na migomba imepona mnyauko. Nisalimie Padre. Na yule jirani aliyesema sitapanda ndege, mwambie nilipanda, nikapewa na kuku.

Mimi ni mzima kama reli. Mwezi mmoja tu London na mji umeshaniingia mfukoni. Juzi Mwingereza kabisa, mweupe pee, aliniuliza njia ya kituo cha treni nikamwonyesha. Kama niliyomwonyesha ndiyo, Mungu anajua, lakini alinishukuru. Kiingereza changu cha kidato cha pili wanakisifu sana, wanasema kina lafudhi. Nakaa kusini mwa mto, basi moja tu hadi Peckham, na Peckham kuna ndizi za kupika, dada, ila ukizionja utalia, siyo kwa utamu.

Nasikia kuna watu huko wanasema nimekuja kubeba maboksi. Waambie sijabeba boksi hata moja. Nabeba watu. Natunza wazee: nawaogesha, nawavalisha, nawapa dawa na uji. Nina bibi mmoja anaitwa Bi Doreen, miaka themanini na minne, nyonga imemwisha, na huu ni mwaka wa pili anangoja hospitali imwite. Evodius imemshinda kutamka, ananiita Eddie. Tukitazama habari kwenye televisheni, mwanasiasa akitokea tu anavua kandambili amrushie. Anahesabu mawaziri wakuu wa miaka hii michache kwa vidole, anasema mkono mmoja umeshajaa.

Sasa neno lenyewe. Nimetumia karatasi kama ulivyoagiza, maana simu ya nyumba anaishika mwanangu Beatha na haya ni ya wakubwa. Kuna kasheria kamenikuta hapa. Kaliwekwa Machi: mtunza wazee anayeomba viza sasa haruhusiwi kuleta mtoto. Mzee wa watu umwogeshe, mtoto wako umwache. Usishtuke! Sheria iliyowekwa na watu huondolewa na watu. Uchaguzi ni tarehe nne Julai, na hili lisome ukiwa umekaa: mimi napiga kura. Ndiyo, mimi. Mtanzania ni mtu wa Jumuiya ya Madola. Akiwa na kibali cha kukaa hapa anachagua mbunge sawasawa na mwenye nchi. Babu yetu walimtawala bila kumuuliza, mjukuu wamemletea karatasi na penseli.

Na Jumamosi mgombea aligonga mlango wangu. Mwenyewe, kwa miguu yake, ua la kitambaa kifuani. Nikamweleza habari za Beatha: mama yake hayupo duniani, analelewa na wewe shangazi yake, na tarehe tatu Novemba mwakani anatimiza miaka kumi na nane, na baada ya siku hiyo hata sheria ikifutwa hahesabiwi tena mtoto wa kuletwa. Akaniwekea mkono begani. Akasema, "Familia ni jambo tunalolijali sana." Nikaingia ndani, nikatoka na kile kikapu kidogo ulichonifungia, nikampa kahawa ya kutafuna kwa mkono wangu, akaipokea kwa mkono wake.

Dada, mtu wa Kamachumu sihitaji kumfafanulia. Aliyepokea kahawa mkononi mwako hawezi kukugeuka. Tangu Jumatatu namgawia vipeperushi, nyumba mia mbili, ngazi kwa ngazi. Mwambie Beatha baba yake hajalala.

Mdogo wako, mpiga kura wa Uingereza,
Evodius


Kamachumu, 21 Julai 2024

Mdogo wangu Evodius,

Marahaba, zote mbili. Mguu haujambo, migomba ndiyo bado hoi. Tumekata na kufukia thelathini na mbili. Jirani nimempa salamu zako za kuku, kauliza kama ulibakiza mfupa. Padre anakusalimu, anasema usisahau misa.

Tumesoma kwenye habari kwamba chama chako kimeshinda. Basi hongera, wewe uliyekuwa hushindi hata mchezo wa bao.

Beatha ana mtihani wa kidato cha nne Novemba. Asubuhi anaamka kabla yangu, anaoga maji baridi ya mtungi bila kuyapasha. Nikamuuliza una nini, akasema, "Nazoea Ulaya, shangazi." Nimemwacha. Kila nikirudi kutoka parokiani, zinakofikia barua, anatazama mkoba wangu kabla ya kunitazama mimi.

Habari ya kahawa nimewaeleza wazee wa ukoo. Waliridhika. Mmoja alisema kwa kahawa watu wameachiana mashamba, sembuse karatasi ya kuingilia nchi. Lakini mimi nimekujua tangu unatambaa, nikaisoma barua yako mara ya pili. Umeandika alipokea. Hukuandika alitafuna. Mtu anaweza kupokea akaitia mfukoni, na kahawa ya mfukoni haijamfunga mtu yeyote. Nijibu hilo moja tu: alitafuna mbele yako?

Dada yako,
Generosa


London, 17 Novemba 2024

Ma Generosa mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kwa ukimya. Barua yako ilifika Agosti, nami nikasema nitajibu Jumapili, na Jumapili za hapa zimenigeuka, zote ni shifti. Pole kwa migomba. Beatha nimemtumia koti zuri la sufu kupitia Vaileth, nesi wa Muleba anayekuja likizo. Likimpwaya asilipunguze, atalijaza akiwa hapa.

Ngoja nikusimulie kura. Hapa wanapigia kwenye ukumbi wa kanisa, hakuna askari, hakuna foleni, na mbwa wanafungwa nje wanangoja wenyewe wapige. Nilionyesha pasipoti yangu ya bluu nikapewa karatasi. Nilivaa suti ile ya harusi ya Humphrey. Nilikuwa mtu pekee mwenye suti. Msimamizi alidhani mimi ni mgombea, na sikumkatalia haraka.

Bi Doreen nilimpeleka mimi, kwa kiti chake cha magurudumu, mvua inanyesha. Niliona huyu leo ataokoa nchi. Akaingia kwenye kile kibanda, akatoka, tukiwa njiani nikamuuliza, bibi, umemchagua nani?

"Sikumchagua mtu, Eddie. Nimepiga mstari kuanzia juu mpaka chini."

"Umeiharibu?"

"Wameiharibu wao. Mimi nimewarudishia."

"Nimekusukuma kwenye mvua yote hii ukaharibu karatasi?"

"Ndiyo. Nilitaka wajue nilikuja."

Nilicheka, halafu kicheko kikaisha kabla hatujafika. Wengi hapa wako hivyo. Siyo wakali, dada. Huko kwetu mtu akikichukia chama anapiga kelele sokoni, mnajua yuko wapi. Hawa wamechoka tu. Ukimtajia mwanasiasa anatoa pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Lakini mtu wetu alishinda, na kwa kura nyingi! Nimemwandikia mara mbili, na jibu limekuja kwenye karatasi nzito yenye nembo ya Bunge lao, geti lenye taji. Ameandika jina langu kamili, Evodius, bila kukosea herufi. Anashukuru kwamba nimechukua muda wangu kumwandikia na anasema suala langu amelizingatia. Nimeiweka kwenye fremu, iko juu ya kitanda.

Umeuliza alitafuna au la. Dada, mambo ya Ulaya hayaendi haraka hivyo.

Jambo la maana: Beatha akishamaliza mtihani asihangaike na nafasi za kidato cha tano. Wanaweza kumpangia bweni huko mwisho wa nchi, na viza ikitoka ghafla nani atamfuata? Akae karibu na begi lake. Ni suala la miezi.

Wako,
Evodius


Kamachumu, 2 Machi 2025

Mdogo wangu,

Tu wazima. Padre amehamishwa, huyu mpya anahubiri saa nzima bila kukohoa. Koti limefika na Vaileth, ni zuri. Beatha analivaa ndani ya nyumba, jua kali nje, anakaa nalo anasoma kamusi.

Matokeo: amepata daraja la pili. Mwalimu wake alikuja mwenyewe, akavua kofia mlangoni. Anasema jina lake litatoka kwenye orodha ya kidato cha tano bila shaka, sayansi. Nikamwambia baba yake ana mpango mwingine. Akaniuliza ni mpango au ni matumaini? Nikamkaribisha chai.

Nimefanya ulivyosema. Sikulala vizuri lakini nimefanya. Mtoto ni wako.

Barua yako ina kurasa tatu. Suti imepata aya nzima, mbwa wamepata mstari wao, na kahawa imepata sentensi moja ambayo siyo jibu. Narudia: alitafuna?

Generosa


London, 8 Juni 2025

Dada,

Shikamoo. Sina mengi ya mzaha leo, utanivumilia. Bi Doreen hajambo kidogo, bado anangoja. Mimi ni mzima wa mwili.

Mwezi uliopita serikali ile ile niliyopanda ngazi kuigawia vipeperushi imetangaza mpango wake juu ya wageni. Kasheria kangu ka Machi hawakukagusa. Wameongeza mengine: watunza wazee kutoka nje wasiletwe tena kabisa, na sisi tuliopo tukae miaka mingi zaidi ndipo tuhesabiwe wakazi. Wale waliotoka waliufunga mlango, hawa walioingia wamekuja na kufuli. Na kuna chama cha tatu kinachopanda kila siku kwa kupiga kelele kwamba hata kufuli hilo ni dogo, basi hawa nao wanakimbia wasipitwe.

Nikasema nitamwona uso kwa uso. Ijumaa huwa na siku ya kusikiliza wananchi, kwenye maktaba, unapewa dakika kumi. Nikavaa suti. Tulikuwa kama kumi na tano kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni, na kila mmoja ameshika barua ya geti lenye taji. Kwa lile jina langu kamili, nilidhani nimeandikiwa mimi peke yangu! Mama mmoja ukuta wake una ukungu mpaka mtoto anakohoa na kutoka damu puani, barua yake na yangu mistari ni ile ile, tofauti ni neno ukungu tu. Mama mwingine wa makamo akaniambia, "Nimekipigia chama hiki miaka thelathini. Baba yangu alikipigia akiwa mahututi. Sasa nitampigia hata paka, paka hajaniahidi kitu."

Zamu yangu ikafika. Mheshimiwa akanyoosha mkono, mtu mwema tu, amechoka machoni.

"Nikumbushe, tumewahi kukutana?"

"Mimi ni Evodius. Nilikugawia vipeperushi nyumba mia mbili. Ulikuja mlangoni kwangu, nikakupa kahawa."

"Kahawa! Ndiyo, ndiyo. Nakunywa nyingi mno wakati wa kampeni."

Akacheka, na kijana wa kike anayemwandikia akacheka. Nikacheka na mimi, dada. Sijui kwa nini.

Nikamweleza upya yote. Akasema anaelewa, na yeye ana binti. Ila mlangoni, alisema, watu wanamwambia wageni wamezidi, na yeye ni mtumishi wa wapiga kura wake.

"Mimi ni mpiga kura wako," nikamwambia. "Na ule mlango ulikuwa wangu."

Akatazama meza. Akasema, "Nakusikia." Kwetu mtu mzima akisema nimekusikia, anainuka akashughulike. Hapa nilimwona yule mwandishi akiinuka kunifungulia mlango. Dakika kumi hazikuwa zimekwisha. Saa ya ukutani niliiona. Mchana kweupe, watu nje wananunua samaki, nikakaa kituoni nikaacha mabasi manne yapite.

Mwandikishe Beatha shule. Jina likitoka, aende. Fanya haraka.

Evodius


Kamachumu, 17 Agosti 2025

Evodius,

Barua yako ya Juni imefika tarehe 11 Agosti. Sijui ilizungukia wapi, bahasha ina mihuri mitatu na alama ya maji.

Jina la Beatha lilitoka Juni. Fizikia, kemia na biolojia, shule nzuri ya wasichana, Kibondo. Kuripoti kulikuwa mwanzoni mwa Julai. Mimi nilikuwa nashika neno lako la Novemba, akae karibu na begi. Nilipoisoma hii ya sasa nilimwambia avae viatu. Tulipanda basi siku hiyo hiyo, tukalala Biharamulo, tukafika. Mkuu wa shule ni mama mpole. Alitafuta kwenye daftari, akatuonyesha mstari. Wiki mbili walimngoja, halafu nafasi akapewa mwingine. Akaniuliza, "Mlikuwa wapi, mama?" Beatha alikaa kwenye benchi la ukumbini na sanduku mapajani, wasichana wa sare wanampita. Hakulia. Njiani nilimnunulia maandazi akayashika mpaka nyumbani.

Ungepiga simu. Wiki ile ile ya Juni, simu ya dakika moja, tungewahi. Najua kwa nini hukupiga. Ungepokelewa na yeye.

Nilipofika nilikaa na barua zako zote. Nikakumbuka picha ya viza uliyomtumia Beatha kwenye simu, ile uliyoandika "baba yako huyo", nikamwambia anionyeshe. Imetolewa Aprili. Sheria umesema mwenyewe iliwekwa Machi, na kwamba ulikuja kuikuta huko. Mimi ni wa darasa la saba, Evodius, lakini Machi inaitangulia Aprili hata kwa asiyesoma.

Kwa hiyo sasa una maswali mawili. Alitafuna? Na ulijua?

Unawalaumu wale waheshimiwa, na mimi nawalaumu pamoja nawe. Lakini bwana yule walimchagua Waingereza. Sisi hapa tulikuchagua wewe.

Generosa


London, 5 Oktoba 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nimetembea nayo wiki nne kwenye mfuko wa koti la kazi. Salamu za nyumbani leo siulizi, maana ninajua nimezifanya nini.

Bi Doreen amefariki mwezi uliopita. Nilikuwa nimemshika mkono. Mwanawe alikuwa anatafuta mahali pa kuegesha gari. Siku ya tisa hospitali ikapiga simu kwamba nafasi ya nyonga imepatikana. Niliipokea mimi. Nikasema asante.

Nakujibu. Nilijua.

Telesphor, yule wakala wa Dar, alinipigia katikati ya Machi. Nilikuwa pale Bukoba, stendi, nimekwenda kupiga picha za viza, Beatha ameshika faili langu asilikunje. Telesphor akasema, "Mzee, sheria imebadilika. Makaratasi yako yamechelewa kwa siku chache tu. Unaenda peke yako, mtoto haruhusiwi. Ukikataa nina mtu mwingine hapa mlangoni." Nikasema sawa. Neno hilo tu, sawa. Beatha akauliza, "Amesemaje, baba?" Nikamwambia, "Amesema mambo safi."

Ulishapika ile sherehe. Ukoo wote ulishakula. Padre alishaniombea kwa jina, watu wanaangalia nyuma kuniona. Ningesimamaje mbele ya watu wa Kamachumu niseme ndege imeghairi? Wewe unanijua, ningeweza kukaa na njaa mwaka mzima, ila siyo na kicheko cha yule jirani siku moja. Nikajiambia ninyamaze kwanza, nikifika nitapata njia. Mimi Evodius nakosaje njia? Na nilipofika nikakuta nchi nzima ya watu wanaosubiri uchaguzi, nikasema basi, njia ndiyo hii.

Na kahawa. Hakutafuna. Aliitazama, akasema ni zawadi nzuri, akaitia mfuko wa suruali. Jumatatu yake nikiwa na vipeperushi vyake mkononi niliikuta kwenye ngazi za ghorofa ya pili, imekanyagwa, maganda huku na mbegu huku. Niliokota zote. Nikazifunga kwenye leso. Halafu nikaendelea kugawa vipeperushi, dada, nyumba mia na arobaini zilizobaki. Na Jumapili nikakaa nikakuandikia kwamba alipokea.

Sikukudanganya ili unisifu. Nilitaka iwe kweli mahali fulani, na mahali pekee ambapo ingeweza kuwa kweli ni huko kwako.

Siombi msamaha kwa barua. Nitakuja. Krismasi hii niko hapo, hata kama shifti itanifukuza, hata serikali hii ikipinduka na ile nyingine ikaingia na kupinduka. Nitamweleza Beatha mwenyewe, kwa mdomo wangu. Mwambie baba anakuja Krismasi. Mwambie safari hii ni hakika.

Evodius


Kamachumu, 23 Novemba 2025

Mdogo wangu Evodius,

Marahaba. Tu wazima, mvua zimekuja vizuri. Pole kwa bibi yako. Nimemwombea misa kwa jina lake. Huyu Padre mpya alinitaka nilitamke mara tatu. Umefanya vyema kumshika mkono.

Barua yako nimeisoma peke yangu shambani. Nililia, halafu nikapalilia. Sitaki turudie yaliyomo. Umesema, nimesikia, na mimi ni wa huku.

Tarehe tatu tulichinja jogoo. Beatha alikula vizuri, akasaidia kuosha vyombo. Tarehe nne asubuhi aliniambia, "Shangazi, nisindikize." Nikafikiri ni sokoni. Akanipeleka kwenye chuo cha ufundi cha masista. Kumbe alikwenda Septemba kuuliza, akaambiwa arudi fomu zikitoka. Anataka umeme wa majumbani. Masomo yanaanza Januari.

Alijaza fomu yote mwenyewe, mwandiko kama wako, unaegemea kulia. Mwishoni kuna mahali pa mzazi au mlezi. Mimi nilikuwa nimeshavaa miwani, nimekaa kwenye benchi tayari kuitwa. Sista akamuuliza, "Baba yupo?"

"Yupo."

"Wapi?"

"London. Anatunza wazee."

"Basi asaini mlezi." Halafu akaangalia juu ya fomu, tarehe ya kuzaliwa, akahesabu, akatabasamu. "Ah, kumbe umefikisha miaka kumi na nane jana! Huhitaji mtu, mwanangu. Weka sahihi yako."

Akaweka. Akaipuliza wino ukauke. Nikavua miwani nikairudisha kwenye mkoba.

Habari ya Krismasi sikumwambia. Usinikasirikie. Kila gari likipunguza mwendo barabarani huyu mtoto alikuwa anasimama, miezi kumi na nane, na wiki hizi mbili nimemwona amekaa tu, anakula, gari linapita.

Nyumba ni yako, chumba chako nakifagia. Ukija, njoo. Ila usituandikie lini.

Dada yako,
Generosa